Dirisha la Wanorwei ni jicho la upepo

Wengi mmeniomba niandike yale niliyoongea Jumamosi kwenye mkusanyiko wetu wa Waswahili hapa Bergen, Norwei, maana spika ilikuwa inakatika katika na watoto wanakimbia huku na huku. Nimeandika karibu kama nilivyosema, nimeongeza tu pale ambapo muda ulinibana.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, ndugu zetu wa Uvira na Bukavu na Bujumbura, wa Mombasa, wa Tanga kwetu, habari za jioni. Mimi sio mwalimu wa lugha, mimi ni fundi, kazi yangu ni madirisha, natoa ya zamani naweka mapya, mwaka wa tisa sasa. Ila kuna neno moja nimekaa nalo hii miaka yote na niliposikia leo kila mtu ana dakika zake za kuongea anachokipenda nikasema basi mimi naongea hilo neno. Neno lenyewe ni la kazi yangu, ni neno dirisha kwa Kinorwei.

Wote mliopita kwenye madarasa ya lugha tulifundishwa kuwa dirisha ni vindu. Et vindu, vinduet. Nililishika hivo hivo kama lilivyo, halina mlango wa kuingilia, unameza tu. Alafu nikapata kazi na nikawekwa na mzee mmoja wa Voss, fundi wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Ilikuwa Novemba, tuko kwenye nyumba ya mbao kule juu mlimani, mnazijua zile nyumba zinazotazama bahari, na tumeshang'oa fremu ya zamani kwa mtaimbo, mbao ya chini imeoza mpaka unaichota kwa kidole kama ugali wa jana. Dirisha jipya bado liko kwenye gari. Kwahiyo ukutani limebaki tundu tupu, la mraba, na upepo wa baharini unaingia pale na mvua yake ya kulala, ile mvua ya Bergen inayokuja kwa ubavu, na lile tundu linalia, yaani linatoa sauti kabisa kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Yule mzee akasimama akaweka kiganja chake mbele ya tundu akaniangalia akasema "Der har du vindauga," yaani hapo ndio unayo vindauga. Hilo hapo, vindauga.

Nikasimama na pima maji yangu mkononi. Kwa sababu vind nalijua, ni upepo, linatajwa kwenye utabiri wa hali ya hewa kila siku. Na auga nalijua, kule Voss jicho wanaita auga, wengine auge, hapa mjini øye. Vind, auga. Upepo, jicho. Jicho la upepo! Na jicho lenyewe liko mbele yangu linapuliza na kulia. Miaka miwili nilikuwa nasema vindu kumbe nilikuwa nasema upepo na sijui.

Sasa ngoja niwaeleze kwa utaratibu kidogo maana hili neno lina safari.

Kwanza kanuni yenyewe, kwa sababu watoto wetu wanapigwa kalamu nyekundu shuleni kwa hili jambo. Mnorwei akitaka jina la kitu kipya anachukua maneno mawili anayabana yawe neno moja, bila nafasi katikati. Na neno la mwisho ndio mwenye kitu, la mbele linaeleza tu. Sisi tunaanza na kitu chenyewe, nyumba ya boti, wao wanaanza na boti wanamalizia na nyumba, båthus. Ukigeuza ukasema husbåt umeshahama, hiyo sasa ni boti ambayo watu wanaishi ndani yake. Kwahiyo ukikutana na neno refu la Kinorwei usilisome kutokea mbele ukaogopa, nenda mwisho kabisa ushike lile la nyuma, ndio mzizi wa habari, alafu urudi taratibu. Mara nyingine katikati wanatia kiungo, s au e, arbeidsplass mahali pa kazi, barnehage bustani ya watoto, hiyo s na hiyo e hazina maana yoyote, ni gundi tu.

Na wakisema usitenganishe wana sababu. Kyllinglever kwa neno moja ni maini ya kuku. Kylling lever kwa maneno mawili ni kuku anaishi, kuku yu hai. Røykfritt kwa neno moja hapavutwi sigara, ukitenganisha røyk fritt unamwambia mtu avute tu atakavyo. Binti yangu yuko darasa la nne na hii ndio ilikuwa shida yake kubwa, alikuwa anatenganisha kila kitu, na nadhani ni kwa sababu nyumbani kichwa chake kinaongea Kiswahili na Kiswahili kinapenda kupumua katikati ya maneno, jicho, la, upepo.

Haya, sasa neno lenyewe. Lugha ya zamani ya hawa watu, ile ya wakati wa Waviking, mabaharia wao wa kale, ilikuwa na vindr, upepo, na auga, jicho, wakabana wakapata vindauga. Na hapa ndipo wengi wanakosea, hata mimi nilikosea. Tunadhani jicho ni kwa sababu dirisha ni la kutazamia, unakaa ndani unachungulia nje. Hapana jamani. Kwenye zile nyumba hakukuwa na kitu cha kuchungulia.

Fikirieni nyumba ya magogo, moto uko katikati ya chumba, sakafuni, hakuna bomba la moshi. Nyumba ya hivo wanaiita årestue, na neno hilo nalo ni la kubana, åre ni meko, stue ni chumba. Ukutani hakuna dirisha kama tunavyolijua. Juu ya paa kuna tundu, wanaliita ljore, na hilo linatokana na neno la mwanga, ljos. Moshi unatokea pale na mwanga unaingilia pale pale, njia moja kazi mbili. Mvua au theluji ikizidi wanafunika na fremu ndogo iliyowambwa ngozi nyembamba ya tumbo au kibofu cha mnyama, inaitwa skjå, wanaisogeza kwa mti mrefu kutokea chini. Hiyo ngozi inapitisha mwanga wa manjano hivi, lakini kuona nje huoni kitu, huwezi kujua anayekuja ni jirani au adui.

Na matundu madogo mengine ya kupitisha hewa, yale yaliyotobolewa ukutani, wazi, bila kioo, hayo ndio vindauga. Upepo unaingia bila hodi. Jicho hapa halina maana ya kuona, jicho ni tundu. Hawa watu tundu wanaliita jicho kwenye mambo mengi, tundu ya sindano ni nåløye, jicho la sindano, na yale madirisha ya duara ya meli mnayaona kwenye feri ni kuøye, jicho la ng'ombe. Sisi kwenye sindano tunasema tundu, Biblia yetu inasema tundu ya sindano, ila hata wazee wetu wanasema jicho la maji pale chemchemi inapochomoza ardhini, kwahiyo hilo wazo halituko mbali.

Kama kuna mtu anataka kuona kwa macho yake, nendeni Borgund, kule Lærdal, kwenye lile kanisa la mbao la mwishoni mwa karne ya 12. Mimi nimeenda mara 3 na kila mara nakaa ndani kwanza bila kuongea. Unaingia kutoka kwenye jua na unakuwa kipofu kabisa, giza, harufu ya lami ya mti, alafu macho yakizoea unaanza kuona juu kabisa karibu na paa vitundu vidogo vya duara, vidogo kama sahani, na kila kimoja kinashusha mstari mwembamba wa mwanga. Ndio hivo tu. Kanisa zima linaangazwa na vile vitundu. Ukitazama pale juu hauhitaji mtu wa kukueleza kwanini waliita jicho, ni macho kweli, yanakutazama wewe chini.

Vioo vilianza makanisani na kwa wenye mali. Nyumba za wakulima huku vijijini zilikuja kuvizoea sana sana kuanzia karne ya 17 na ya 18. Kioo kikawekwa, upepo ukafungiwa nje, lakini jina likabaki vile vile. Hiki ndicho kinachonigusa mimi kama fundi. Kazi yangu yote, silikoni, sufi ya kuziba, mpira wa pembeni, vioo vya tabaka tatu, yote ni kuuzuia upepo usipite, na kitu ninachokiweka kinaitwa jicho la upepo. Neno limebaki linakumbuka nyumba ambayo haipo tena.

Sasa mtauliza, mbona tunasema vindu, jicho limeenda wapi. Limeliwa na historia. Norwei ilikaa chini ya wafalme wa Denmark kwa karne nyingi mpaka 1814, na lugha ya kuandikia, ya kanisani, ya mahakamani, ikawa Kidenishi. Kwa Wadenishi neno lilikuwa limeshasagika, limekuwa vindue, ile auga imelainika lainika mpaka imebaki ue. Wanorwei wa mjini wakaichukua hiyo na baadaye wakakata tena, vindu. Ukitazama hiyo u ya mwisho, ile herufi moja, ndio jicho zima limebaki hapo.

Lakini kijijini watu hawakuacha kusema kwa mdomo wao. Akatokea Ivar Aasen, mtoto wa mkulima kutoka Ørsta, kuanzia 1842 mpaka 1846 alizunguka nchi akisikiliza watu wanavyoongea na kuandika, bonde kwa bonde, na kutokana na hayo akatoa sarufi 1848 na kamusi 1850. Ndio mwanzo wa kile tunachokiita leo nynorsk, na 1885 bunge likaamua lugha mbili za kuandikia, hii na ile iliyotoka kwa Wadenishi ambayo leo inaitwa bokmål, zisimame sawa. Kwenye nynorsk dirisha ni vindauge, jicho limerudi kazini. Ndio maana barua za mkoa wetu wa Vestland zinakuja na maneno ambayo hukufundishwa darasani, na wengi wenu nawasikia mnalalamika, oh hawa wana lugha mbili za nini wanatuchanganya. Mimi nawaambia hiyo ya pili ni zawadi kwetu wageni, kwa sababu mara nyingi inaonyesha mshono. Ukikwama na neno la bokmål, litafute kwenye nynorsk, unaweza ukaliona limefunguka.

Na jambo jingine la ajabu, hapa hapa Bergen, pale Bryggen, bandari ya zamani tunapopiga picha na wageni, wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hansa walikuwa na ofisi yao kuanzia karibu 1360 na maneno yao yalimwagika kwenye Kinorwei kama mvua. Betale, kulipa, ni lao. Begynne, kuanza, ni lao. Hata språk, neno lenyewe la lugha, ni lao. Na dirisha la Wajerumani ni Fenster, wamelitoa Kilatini, fenestra, ndilo hilo hilo ndugu zangu wa Kongo mnalosema fenêtre mkiongea Kifaransa. Waswidi hapo jirani wakalichukua, wanasema fönster mpaka leo. Wanorwei hawakulichukua. Walikubali neno la kulipa na neno la lugha, dirisha wakabaki na lao.

Tena Waviking ndio walilipeleka kwa watu. Walipohamia Uingereza na kuishi kule na kuoa, neno likaingia kwenye Kiingereza, ndio hilo "window". Waingereza walikuwa na lao, ēagþyrl, tundu la jicho, tena na ēagduru, mlango wa jicho, yote yamekufa. Na kule Ireland, ambako Waviking waliweka kituo Dublin mwaka 841, mpaka leo kwa Kiayalandi dirisha ni fuinneog, ni vindauga hiyo hiyo imevaa kanzu ya kule. Kwahiyo mtoto wa Nairobi anayesema "window" darasani anataja upepo na jicho vya Waviking na hajui, wala mwalimu wake hajui, wala huyu Mnorwei anayesema vindu hajui.

Niliporudi nyumbani siku ile ya kwanza nilimsimulia mke wangu, na baadaye sana binti yetu alipokua nikamsimulia na yeye, akaniuliza swali ambalo lilinifunga mdomo. Baba, na dirisha kwanini linaitwa dirisha?

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa na hilo neno, nimechonga madirisha Tanga nikiwa kijana, ya mninga, yenye grili za nondo na wavu wa mbu, na sikuwahi kuuliza. Nikaenda kutafuta. Dirisha limetoka Uajemi, darīcha. Dar ni mlango, na ile cha ya mwisho ni ya kudogosha kama sisi tunavyotia ki. Mlango mdogo, kijilango. Wanorwei waliona jicho, Waajemi waliona kijilango, na sisi tukalipokea kijilango tukalifanya letu, na halikuishia pwani, limepanda bara. Waganda wanasema eddirisa, Wanyarwanda wanasema idirishya. Lile la hawa limevuka bahari likaenda Ireland, la kwetu limepanda na misafara likafika maziwa makuu.

Nilipofika hapo sikuweza kuacha tena. Nahodha. Jamani nahodha ni neno la kubana, ni Kiajemi, nāv chombo na khudā bwana, bwana wa chombo. Na Waviking walikuwa na húsbóndi, hús nyumba, bóndi mwenye kaya, mwenye nyumba, ndilo hilo Waingereza wamelifanya "husband". Huku wana bwana wa nyumba, kule tuna bwana wa chombo, na mshono ni ule ule. Serikali, sar kichwa, kār kazi. Darubini, dūr mbali, bīn kuona. Yote yamebanwa na Waajemi, yamepita mikononi mwa Waarabu na Wahindi, yametufikia yakiwa yameshafungwa, na sisi tunayasema kila siku kama jiwe moja wakati ni mawili.

Binti yangu akaniambia, kwahiyo wao walikuwa wanatazama na sisi tulikuwa tunapita? Nikamwambia hapana, na nikamwambia habari ya moshi na ngozi ya kibofu, kwamba hapa jicho halikutazama kitu, lilipumua. Akaenda kuchora. Ule mchoro ninao ubandikwe wapi kama sio kwenye gari la kazi, nyumba yenye jicho moja juu ya paa na nywele za moshi zinatoka.

Wazazi, hili nawaomba, na naliomba kwa moyo wote. Tunahangaika watoto wasisahau Kiswahili na wakati huo huo washinde Kinorwei, na tunafanya kama ni kamba mbili wanavutana. Kaeni nao mezani mshike neno moja tu, la huku, mlipasue, sykehus, wagonjwa na nyumba. Alafu mshike la kwetu, kipaza sauti, kifungua kinywa, kiinua mgongo, mpasue na lenyewe. Mtoto akishaona kwamba maneno yana fremu na bawaba hataogopa neno refu la lugha yoyote. Wa kwangu ameacha kutenganisha, sio kwa sababu ya kalamu nyekundu, ni kwa sababu sasa anaona vipande.

Yule mzee wa Voss alistaafu mwaka juzi. Siku yake ya mwisho tulikuwa tunaweka madirisha kwenye shule moja, mapya kabisa, mazito, watu wawili kubeba moja. Juu ya fremu ya haya madirisha ya siku hizi kuna mwanya mwembamba wenye kifuniko cha kusogeza kwa kidole, mnao wote majumbani kwenu, wengi mnaufunga kwa sababu ya baridi na baadaye mnashangaa ukutani kuna ukungu mweusi. Unaitwa spalteventil. Spalte ni ufa, mwanya. Na ventil limetoka Kilatini, ventus, ambalo ni upepo, tena ventus na vind ni ndugu wa ukoo mmoja wa zamani sana. Nilimwambia hivo pale juu ya ngazi, kwamba tumeuziba upepo kwa vioo vitatu alafu tukautobolea tena kitundu kidogo na tukakiita kwa jina lake. Akanyoosha kidole chake kinene akausogeza ule mfuniko, akaweka kiganja pale mbele kama siku ile ya kwanza, akasubiri mpaka akausikia unaingia.